Kabla Hujanunua Kontroli Boksi Mpya

Barua yako, mdogo wangu, nimeisoma mara mbili, na picha ulizoambatanisha nimezitazama kwa makini, hasa ile ya boneti ikiwa wazi. Ngoja kwanza niwaeleze wenzako wanaotusoma.

Mdogo wetu huyu anaishi Denver, Marekani. Ana pikapu ya Toyota ya mwaka 1989, injini ya 22R-E, silinda nne, sentimita za ujazo 2366. Kwenye karatasi za kiwandani ilikuwa na nguvu za farasi 116. Sasa asubuhi inawaka kwa shida, ikiwa sailensi inatetemeka na kumisi, na akiipandisha milimani magharibi mwa mji inachoka. Marafiki zake wamemshauri aing'oe kontroli boksi ya Toyota, aweke ya kisasa inayorekebishwa kwa kompyuta. Ameshaweka akiba. Anachoniuliza ni kimoja: anunue ipi?

Nitakujibu, na jina la boksi nitakutajia. Lakini hilo haliji kwanza, na nakuomba univumilie, maana fedha uliyoiweka ni ya jasho lako na sitaki uipoteze. Wanisikilize pia wenye Hilux Surf za V6, zile za injini ya 3VZ-E zilizoletwa kutoka Japani na ambazo bado zinatembea Tanzania na Kenya. Sensa yenu ya hewa ni ndugu wa hiyo ya Denver, na maradhi yenu yanafanana.

Kontroli boksi haiioni injini. Inaamini inachoambiwa. Hiyo yako imejificha nyuma ya kava la pembeni, pale miguuni pa abiria, na habari inazopata ni chache: hewa kiasi gani inaingia, maji ya injini yana joto gani, throto imefunguka kiasi gani, injini inazunguka kwa kasi gani, na moshi una oksijeni kiasi gani. Kutokana na hayo inaamua nozeli zifunguke kwa milisekunde ngapi na cheche zipigwe wakati gani. Sensa moja ikisema uongo, hesabu yote inapinda. Ukileta boksi mpya ya bei kubwa, itasikiliza uongo uleule. Tena ile ya Toyota ilipangiwa na wahandisi wa kiwandani cha kufanya sensa inapokatika, wakati hiyo mpya itasubiri wewe uipangie.

Kwa hiyo tuanze na kuiuliza ya zamani. Usinunue kile kifaa kidogo cha kuchomeka na kusoma kwa simu, hakitakusaidia. Kinasoma mfumo wa OBD-II, uliolazimishwa Marekani kwa magari ya kuanzia 1996, na lako lina miaka saba zaidi ya hapo. Lako unalisoma kwa kipande cha waya. Chini ya boneti kuna kiboksi cha plastiki chenye mfuniko ulioandikwa majina ya matundu. Unganisha TE1 na E1, washa swichi bila kuipiga injini, kisha hesabu taa ya injini inavyopepesa. Ikipepesa mfululizo kwa mwendo sawa, hakuna kosa lililohifadhiwa. Ikipepesa kwa mafungu, ni namba: 21 ni sensa ya oksijeni, 22 ni ya joto la maji, 31 ni ya hewa, 41 ni ya throto.

Sasa sikia jambo ambalo mafundi wengi wanalipita. Kukosekana kwa namba si ushahidi kwamba sensa inasema kweli. Namba hutokea waya ukikatika au ukigusana na mwingine. Sensa iliyopotoka kidogo haitoi namba yoyote. Chukua multimita, chomoa konekta ya sensa ya joto la maji, pima ukinzani wake injini ikiwa imelala usiku kucha. Kwenye nyuzi 20 za sentigredi inatakiwa iwe kati ya ohm 2000 na 3000. Ipime tena injini ikiwa na joto la nyuzi 80: kati ya ohm 200 na 400. Ikiwa injini imepata moto na sensa bado inaonyesha ohm elfu moja na ushee, boksi inadhani kuna baridi, na inamwaga petroli. Plagi zitakuwa nyeusi, gari litanuka petroli, na wewe utalaumu kompyuta.

Kisha ethi. Gari la miaka thelathini na kitu, lililotembea kwenye barabara zinazomwagiwa chumvi wakati wa theluji, lina ethi zilizooza. Weka multimita kwenye volti, ncha moja kwenye hasi ya betri na nyingine kwenye bloku ya injini, mtu apige stata. Ukiona inazidi nusu volti, umeme unapata taabu kurudi, na sensa zote zinapimwa kwa kipimo kilichopinda. Safisha, badilisha waya, kaza upya. Kazi ya nusu siku, na nimeona magari mengi yakipona hapo hapo.

Halafu hewa ya wizi. Injini yako ina sensa ya hewa ya kilango: hewa ikivutwa inakisukuma kilango chenye springi, nacho kinatembeza kidole juu ya utepe wa kaboni. Hewa yoyote inayoingia baada ya kilango hicho haihesabiwi. Kagua ule mpira mkubwa unaotoka kwenye sensa hadi kwenye throto, uukunjue kwa mikono, maana nyufa hujificha kwenye mikunjo yake. Kagua mipira midogo yote ya vakiumu. Na kuna kipimo kimoja kisicho na gharama: injini ikiwa sailensi, fungua kifuniko cha kujazia oili. Injini nzima, isiyovuja, itayumba au itataka kuzima. Isipobadilika hata kidogo, ujue kuna mahali pengine tayari pameshatoboka.

Hapa nataka nikae kidogo kwenye chuma, kwa sababu umeniandikia kuhusu umeme tu. Injini hizi za 22R-E zina cheni ya taimingi inayoongozwa na vibao vya plastiki. Plastiki inazeeka, inavunjika, na cheni iliyolegea inaanza kukwangua kava la mbele kwa ndani. Ikilitoboa, maji yanaingia kwenye oili. Ukiwasha asubuhi na ukasikia mlio wa kuparuza mbele ya injini kwa sekunde chache, weka hiyo akiba yako kwenye cheni kwanza. Naomba usinibishie hapo. Pima na kompresheni. Rekebisha nafasi za valvu injini ikiwa ya moto: milimita 0.20 za kuingiza, 0.30 za kutoa. Valvu isiyofunga vizuri haiponi kwa programu yoyote. Na taimingi ya cheche ipimwe kwa taa, TE1 na E1 zikiwa zimeunganishwa: digrii 5 kabla ya kilele. Bila kuziunganisha utasoma namba nyingine na utaiharibu iliyo sawa.

Mwisho wa ukaguzi, fungua boksi yenyewe. Kwenye vifaa vya umri huo kuna kapasita ndogo za mviringo zenye majimaji ndani. Zikizeeka zinavuja, na majimaji hayo yanakula njia za shaba kwenye ubao. Ukiona doa la kahawia chini yake, au ukasikia harufu kama ya samaki, mpe fundi redio mzuri azing'oe na kulehemu mpya. Ni vifaa vya bei ndogo sana.

Wengi wenu mtaishia hapa, gari likiwa limetulia na akiba ikiwa mfukoni. Nitafurahi zaidi kwa hao kuliko kwa atakayefunga boksi mpya juu ya ugonjwa wa zamani.

Lakini wapo wenye sababu ya kweli ya kuendelea, nami sitawazuia. Wa kwanza ni yule ambaye sensa yake ya kilango imekwisha. Utepe wa kaboni unachakaa pale kidole kinapokaa muda mrefu, na gari linashtuka kila ukigusa mafuta. Mpya ni ghali na ngumu kupatikana, na zile za yadi zimezeeka sawa na yako. Wa pili ni aliyebadilisha injini yenyewe: kamshafti nyingine, hedi iliyofanyiwa kazi, au ameongeza taabo. Kontroli boksi ya kiwandani ilipangiwa injini moja, na haitajua kwamba umeipa nyingine. Wa tatu ni wewe, mdogo wangu, kwa sababu ya mahali unapoishi.

Kilango kinapima msukumo wa hewa, na hewa nyepesi ya milimani haisukumi sawa na uzito wake. Kadiri unavyopanda, hesabu inaelekea kwenye petroli nyingi mno. Toyota walilijua hilo, na baadhi ya magari yao waliyaongezea sensa ya mwinuko. Boksi za kisasa zinafanya kwa njia nyingine: zinatumia sensa ya MAP, inayopima presha ndani ya manifodi, pamoja na joto la hewa na mzunguko wa injini. Ukiwasha swichi kabla ya kupiga stata, inasoma presha ya mahali ulipo. Pwani utaona karibu kilopaskali 101. Denver, kwenye mita 1600 na ushee, utaona takriban 83. Ukipanda hadi mlango wa handaki la Eisenhower, mita 3400, inashuka hadi karibu 67, na hesabu inajirekebisha. Mwenye Surf anayetoka Dar kwenda Mbeya au Mombasa kwenda Nairobi anapanda kama mita 1700, naye atauhisi mguuni. Nguvu iliyopotea kwa uchache wa hewa hairudi, hiyo tuelewane. Kinachorudi ni mchanganyiko sahihi wa kile kilichobaki.

Sasa jina. Kama una pesa ya kumlipa mtu akurekebishie, mtafute fundi huyo kwanza, muulize yeye anaijua boksi gani, ununue hiyohiyo. Boksi nzuri asiyoijua mtu wa karibu nawe itakuwa pambo. Kama utafanya mwenyewe, nakuchagulia MegaSquirt, iliyobuniwa na Bruce Bowling na Al Grippo. Imekuwepo tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000, maelezo yake ni mengi na ya wazi, na wenye 22R-E wengi wameshapita njia hiyo. Ipo pia Speeduino ya Josh Stewart wa Australia, inayojengwa juu ya ubao wa Arduino Mega. Bei yake ni nafuu, na kwa anayependa kulehemu mwenyewe ni shule nzuri. Kwa gari unaloendea kazini kila siku, nabaki na ya kwanza.

Usiifunge siku itakapofika. Anza na sensa pana ya oksijeni, ile inayotumia kidude cha Bosch LSU 4.9. Sensa ya kawaida ya Toyota inajua kusema mambo mawili tu, petroli imezidi au imepungua. Hii pana inakupa namba yenyewe. Chomelea kiti chake kwenye bomba la eksozi kikiwa kimeinama juu, angalau digrii 10 kutoka usawa, ili matone ya maji yasikae ndani na kuipasua. Na usiiache kwenye bomba bila umeme gari likitembea, itajaa masizi na kufa. Endesha na boksi ya zamani wiki kadhaa huku ukiandika namba: sailensi, mwendo wa barabara kuu, mlimani. Hizo ndizo zitakuwa dira yako baadaye, na huenda zikakuonyesha kwamba gari halina tatizo ulilodhani.

Wayaringi ya asili usiikate. Narudia, usiikate. Tafuta kwenye yadi kontroli boksi iliyokufa ya gari kama lako, itoe konekta yake, uijengee kiunganishi. Boksi mpya inachomekwa pale pale ilipokuwa ya zamani, na siku ukikwama unachomoa na kurudisha ya Toyota ukaenda kazini. Ethi za sensa zikutane mahali pamoja kwenye injini, mbali na ethi za nozeli na koili. Waya wa kuhesabu mzunguko uwe wenye kinga, na kinga hiyo uifunge ethi upande mmoja tu.

Sasa pampu ya mafuta, na hapa naongea kama dada anayetaka ufike nyumbani. Kwenye injini yako, swichi inayoruhusu pampu kufanya kazi iko ndani ya ile sensa ya kilango. Hewa ikivutwa kilango kinafunguka, pampu inapata umeme. Injini ikizima, kilango kinafunga, pampu inasimama. Ukiing'oa sensa, pampu haitafanya kazi tena baada ya stata, na wapo wanaolimaliza hilo kwa kuiunganisha pampu moja kwa moja na swichi. Gari linatembea vizuri. Halafu siku ya ajali, mpira wa petroli umekatika, injini imezima, na pampu inaendelea kumimina juu ya eksozi ya moto. Rilei ya pampu lazima itawaliwe na boksi mpya, inayoikata mara injini inapoacha kuzunguka. Ijaribu kabla hujatoka uani: washa swichi, pampu iungurume sekunde chache na inyamaze yenyewe. Isiponyamaza, gari lisitoke.

Nozeli nazo zipime kwa ohm kabla ya kuziunganisha. Zenye ohm 12 hadi 16 hazina shida. Zenye ohm 2 au 3 zinavuta umeme mwingi, na bila vizuizi vyake zitaunguza boksi mpya siku ya kwanza.

Kazi uigawe. Mwanzoni boksi mpya iendeshe nozeli tu, huku ya Toyota ikiendelea na cheche na sensa yake ya kilango ikiwa mahali pake. Petroli ikishatulia, ndipo uhamishe cheche na uing'oe sensa. Siku hiyo, funga taimingi kwenye programu isimame digrii 10, kisha thibitisha kwa taa kwenye puli. Kama skrini inasema 10 na taa inasema 16, hizo sita zitakuwepo kila mahali, na pistoni ndizo zitakazolipa.

Kurekebisha ndiko kwenye kazi yenyewe. Anza na petroli kidogo ya ziada na taimingi ya nyuma, usogee taratibu. Mwendo wa kawaida ulenge 14.7 kwa 1, ukikanyaga mwisho ulenge kati ya 12.5 na 13. Ukisikia injini inagonga, ondoa mguu na urudishe taimingi. Aendeshe mtu mmoja na mwingine ashike kompyuta, wala usikubali kufanya yote mawili peke yako barabarani. Kila faili lihifadhi kwa tarehe. Na kuwaka kwa baridi kutakuchosha, kwa sababu injini inapoa mara moja kwa usiku, kwa hiyo kila asubuhi una nafasi moja ya kujaribu. Ukianza Septemba, ifikapo Januari utakuwa umeielewa.

Usitarajie farasi wengi zaidi. Kwa injini ya asili isiyoguswa utapata mguu mwepesi, kuwaka vizuri, na kuona kinachoendelea ndani. Kwangu hayo yanatosha, ila nataka uyajue kabla ya kulipa.

Msomaji mwingine aliuliza kuhusu Ford F-150 ya mwaka 1990. Yako, ndugu yangu, inapima kwa MAP tangu kiwandani, na njia iliyozoeleka ni kuihamishia kompyuta ya EEC-IV yenye sensa ya uzito wa hewa, kama ile iliyowekwa kwenye Mustang ya 5.0 mwaka 1989. Lakini angalia giaboksi kwanza. Kama ni otomatiki ya E4OD, kompyuta hiyohiyo ndiyo inayobadilisha gia, na boksi isiyojua kuitawala itakuachia gari lisilotembea. Swali hilohilo la giaboksi liwahusu wenye Surf za otomatiki. Wenye Chevrolet za 1987 hadi 1995 zenye nozeli juu ya throto mna bahati: kumbukumbu ya kompyuta yenu ni chipu inayochomoka, na inaweza kuandikwa upya bila kubadilisha boksi.

La mwisho kwako wa Denver: sheria. Marekani inakataza kuharibu mfumo wa kudhibiti moshi, na Denver na viunga vyake wanapima. Ukihamia California ni kali zaidi, kwani magari ya petroli ya kuanzia 1976, isipokuwa yale mapya, yanapimwa, na kifaa kisicho na kibali cha jimbo hilo hakipiti hata moshi ukiwa safi. Uliza kituo cha upimaji kabla ya kununua, na ile boksi ya Toyota iweke kwenye mfuko mkavu ndani ya nyumba.

Niandikie tena ukishapima. Nataka vipimo vitatu: ohm za sensa ya maji kwenye baridi na kwenye joto, volti ya ethi wakati wa stata, na kompresheni ya silinda zote nne. Kapicha ka utepe wa kaboni pia, kama utafungua kile kifuniko cheusi cha sensa ya hewa. Kimebandikwa kwa gundi, kipitishie wembe taratibu pembeni, na usiguse ile springi.